Barua ya wazi kwa viongozi wa klabu za wanawake: kabla ya kuhesabu magoli, hesabuni viatu

Wanangu,

Nawaandikia ninyi mnaoongoza klabu za soka la wanawake, wenye timu kubwa na wenye timu za kuungaunga. Na ninyi wa shirikisho mkipita hapa someni pia, hakuna siri. Mlionizoea pale jukwaani mkaniamkia kila wikendi, marahaba. Leo sikuja kwa salamu. Nimekasirika. Nilisubiri wiki mbili hasira ipoe, haikupoa, nikaona niandike hivyo hivyo.

Wiki mbili zilizopita nilikwenda kutazama mechi ya Ligi Kuu ya Wanawake hapa Tanzania. Sizitaji timu, kwa sababu nikizitaja mtaanza utani wa jadi na maneno yangu yatapotelea humo. Mwenyeji ana jina na basi lake. Mgeni ametoka mkoani, zaidi ya kilomita 1,000, kwa basi la abiria, usiku kucha. Niliwakuta nje ya geti saa nne asubuhi wamekalia mabegi, wanapokezana vikombe viwili vya chai. Kipa wao alikuwa amelala chini, kichwa juu ya mpira. Mechi ilikuwa saa kumi jioni.

Walikuja wachezaji 13. Fanyeni hesabu wenyewe: kumi na moja ndani, wawili benchi, kipa wa akiba hakuna. Kipindi cha pili beki wao wa kulia akateguka kifundo, ikabidi atoke. Nilikuwa nimekaa hatua chache tu kutoka kwenye benchi lao. Yule binti wa kuingia alikuwa amevaa kandambili. Beki akaketi kwenye nyasi huku machozi yanamtoka, akafungua kamba, akavua viatu, akampa mwenzake. Viatu namba 40, mguu wa namba 37. Kocha akachukua soksi kuukuu, akaikunja, akaisukuma hadi mbele kwenye vidole. Binti akakanyaga chini mara mbili kujaribu, akasogea kwenye mstari. Mwamuzi wa akiba akamwambia anyanyue mguu, akakagua soli kama kanuni inavyotaka, akainua ubao. Kanuni ilitimizwa kabisa!

Zikaisha 11-0. Yalipofika saba jukwaa likaanza kuimba "wiki, wiki". Yalipofika tisa wakadai kumi. Kiongozi mmoja wa wenyeji, wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri kuliko akili yake, alikuwa anarekodi kwa simu huku anacheka mpaka anashika mbavu. Kesho yake mitandaoni: kapu la magoli, dozi nene, mfungaji wa hat-trick, yaani magoli matatu peke yake, amekumbatia mpira wake. Habari ya viatu sikuiona popote.

Nina jambo moja la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mchoke. Ligi yenu ni ile timu inayoshika mkia. Bingwa hawezi kuwa bora sana kuliko wale anaocheza nao kila wiki. Siku ile nilimhesabia kipa wa wenyeji. Dakika tisini aligusa mpira mara sita, na nne kati ya hizo alirudishiwa na beki wake mwenyewe. Muda mwingine alikuwa anafunga na kufungua nywele. Huyo ndiye mnayetaka mkampandishe ndege kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, akapangwe na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini?

Msidhani nasema kwa kubahatisha. Ligi hii ilianza msimu wa 2016/17, na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya Pwani, haina ukubwa wowote wa kihistoria. Nilifurahi sana mwaka ule, nikajua mambo yameiva. Kumbe ndiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho. Kuanzia 2017/18 hadi 2024/25 kombe limekuwa likienda JKT Queens, likija Simba Queens, likirudi JKT Queens. Siwalaumu wao, wamejipanga na wamestahili. Simba Queens walifika nusu fainali ya Afrika mwaka 2022 kule Morocco, wakamaliza wa nne, na mimi nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa. Lakini mwaka uliofuata JKT Queens walikwenda Ivory Coast wakaishia hatua ya makundi. Mkikutana na mtu anayewasukuma kweli dakika tisini, mnamtolea wapi uzoefu, kama nyumbani mechi zenye ushindani kwa msimu mzima mnazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja?

Tena tazameni hao Morocco wenyeji wetu walichofanya. Mwaka 2020 shirikisho lao lilianza kuzisaidia klabu kulipa mishahara ya wachezaji wa kike, na halikuchagua bingwa peke yake. Lilizishika klabu za daraja la kwanza na za daraja la pili. La pili, mmesikia? Mwaka 2022 AS FAR ya Rabat ikachukua ubingwa wa klabu Afrika, kwenye mashindano yale yale Simba Queens waliyoishia nusu fainali. Mwaka huo huo timu yao ya taifa ikacheza fainali ya Afrika, na 2023 ikaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na kuvuka makundi. Najua, wana fedha kuliko sisi. Lakini hata mwenye shilingi mia moja huamua aanze kuitoa wapi, na wao waliamua kuanzia kwa wanyonge. Sisi tunaanza na zawadi ya bingwa, kisha tunashangaa wa mwisho kuja na kandambili.

Mimi nilicheza kabla ligi haijazaliwa. Enzi za timu za kina Mburahati Queens na Sayari, mechi zikipatikana kwa bahati, tukipanda nyuma ya pikapu na mipira yetu miwili ndani ya kiroba. Sidiria za michezo hatukuzijua. Tulichana kanga tukafunga kifua, na ikilegea katikati ya mechi mnakusanyana duara mwenzenu afungwe upya. Tuliyavumilia yale kwa sababu hatukuwa kitu cha mtu yeyote. Hakukuwa na ligi, wala mdhamini, wala kamera ya runinga ya Azam. Leo kuna vyote hivyo, na bado binti anavuliwa kiatu kikiwa cha moto ili mwenzake aingie. Kinachonichoma si umaskini, umaskini naujua. Kinachonichoma ni kwamba watu wazima wenye vyeo walikuwepo pale, wakaona, wakaendelea kuhesabu magoli.

Basi nisikilizeni, maana mtu akikaripia tu bila kusema la kufanya anakuwa kelele.

Fedha ya safari itoke kabla ya safari. Si baada, si "mkirudi mtalipwa". Timu ya mkoani haina duka la kukopa. Fungu lolote la udhamini linaloingia kwenye ligi, nauli na malazi ya mgeni yakatwe kwanza, ndipo mengine yagawanywe. Wenye ratiba nao wawe na huruma: timu inayotoka mbali ipangiwe mechi mbili za ugenini kwa safari moja. Ikija Dar es Salaam Jumatano icheze na mmoja, Jumapili icheze na mwingine, irudi nyumbani. Hivi sasa inakuja, inarudi, baada ya siku kumi inakuja tena, na huko katikati mechi ikiahirishwa kwa sababu ambayo hakuna aliyepewa maelezo yake, nauli imeshaliwa. Nimefundisha shule miaka mingi na kupeleka mabinti UMISSETA, ile michezo ya shule za sekondari. Mwalimu wa michezo yeyote anajua kupanga ratiba kufuata basi. Muulizeni.

Leseni ya klabu isitolewe kwa barua yenye mhuri tu. Ninyi mnaomiliki timu za wanaume, najua wengi wenu mliamka baada ya CAF, shirikisho la soka Afrika, kuweka sharti kwamba anayetaka kushiriki mashindano yake ya klabu awe na timu ya wanawake. Mlipoamka mkatafuta kocha, mkakusanya mabinti, mkawapa jezi za msimu uliopita za kaka zao. Sawa, sharti lilifaa, lakini mtoto aliyezaliwa ili kutimiza sharti naye anakula. Kabla ligi haijaanza aje mtu afungue mabegi: wachezaji kumi na nane, makipa wawili, kila mmoja na viatu vyake vinavyomwenea. Asiyetimiza asaidiwe. Akisaidiwa asitimize, ndipo muulizane. Kanuni za mchezo zinaruhusu mechi kuanza hata na wachezaji saba, na mimi naogopa kuna siku tutafika huko.

Na ninyi wakubwa, acheni kulundika. Mnasajili mabinti ambao hata benchi hawakai, wanapasha tu na kurudi hosteli, wanazeeka wakiwa na miaka ishirini na mbili. Wapelekeni kwa mkopo kwenye timu za chini, mishahara mlipe ninyi. Mtapata mchezaji aliyekomaa, na yule wa chini atapata timu. Kuna kiongozi nilimwambia hivi akanijibu, "Mama, nikimkopesha anaweza kutufunga." Nikamtazama tu. Mtu anaogopa kufungwa na mchezaji ambaye yeye mwenyewe hamchezeshi!

Timu ndogo nanyi mna lenu. Andikisheni watoto. Aisha Masaka hakushuka kutoka mbinguni akaangukia Sweden. Alipita Alliance Girls ya Mwanza, akaja Yanga Princess, ndipo BK Häcken wakamchukua, kisha Brighton ya Uingereza. Kila binti mnayemsifu leo kuna mtu mahali fulani alimpa mpira akiwa na miaka kumi na tatu. Sasa FIFA kwenye kanuni zake za uhamisho ilikwishasema kwamba fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake. Klabu iliyomlea mvulana inaweza kudai. Iliyomlea msichana, haidai. Hilo nalo ni la kupigiwa kelele na wenye nafasi huko juu. Lakini kuna mchango wa mshikamano: mchezaji akiuzwa nje mkataba wake ukiwa hai, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea tangu akiwa na miaka 12 hadi 23. Hiyo inawahusu. Ila wanagawa kwa kufuata kumbukumbu za usajili, na ninyi kumbukumbu zenu ziko kwenye daftari la katibu ambaye amehamia mkoa mwingine. Siku binti yenu akiuzwa mtakuja redioni kulia.

Mengine nayataja tu, maana mnayajua na mnajifanya hamyajui. Mkataba uandikwe kwa Kiswahili na mchezaji abaki na nakala yake. Mshahara ulipwe tarehe iliyoandikwa. Mjamzito asifukuzwe: tangu Januari 2021 FIFA inataka apewe likizo ya wiki zisizopungua 14 kwa angalau theluthi mbili ya mshahara, wala si hisani yenu. Gari la wagonjwa lifike kabla ya timu. Mwenye masomo aachwe afanye mtihani, mechi itachezwa bila yeye. Kambini awepo mama, na sisemi mpishi. Na kocha mwanaume asiyejua mlango wa chumba cha wasichana unabishwa, mtoeni leo. Kesho mtakuwa mmechelewa.

Nimesema na viongozi, lakini nimalizie hasira yangu kidogo kwa jamii, maana viongozi hawakuokotwa, wametoka kwetu. Sisi ndio tunaokwenda kwenye mechi ya wanaume saa sita mchana kuwahi nafasi, na mechi ya mabinti tunaangalia kama mvua itanyesha. Sisi ndio tunaomwita binti jikedume akipita na begi la mazoezi, akirudi na kombe tunamwita "binti yetu". Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17, Tanzania ikiwa haijawahi kufika Kombe la Dunia lolote la FIFA kabla yao, wakubwa kwa wadogo, wanaume kwa wanawake. Wakawafunga Ufaransa 2-1. Ufaransa! Wakatoka sare na Canada, wakaingia robo fainali. Nchi nzima ilijaa sifa. Nilikuwa kwenye daladala, baba mmoja anasifia mpaka mate yanaruka, nikamuuliza, "Wako wa kike anacheza?" Akasema, "Wangu? Ana masomo yake." Kana kwamba wale wa India walikuwa hawana masomo, na hawana baba.

Mama zangu wa mitaani nao wanasema mpira unaharibu kizazi. Mimi nina watoto wanne na wajukuu saba, na nilicheza namba sita mpaka nikiwa na thelathini na moja. Njooni mniulize.

Ligi imetufaa, nisije nikaonekana sioni. Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, walipofuzu fainali za Afrika mwaka 2010, chini ya Charles Boniface Mkwasa, ligi ya taifa ilikuwa haipo. Walikwenda Afrika Kusini wakafungwa mechi zote tatu, na ikapita miaka kumi na tano kabla hatujacheza fainali nyingine. Julai 2025 wakarudi, Morocco tena, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, Opa Clement akiwa ndiye aliyefunga letu. Hatukuvuka makundi, ni kweli. Lakini niliwaona wanapumua dakika ya themanini, na miguu ya kupumua dakika ya themanini inapatikana kwa kucheza kila wiki. Kwa hiyo sisemi ligi ni mbovu. Nasema ni ya thamani, ndiyo maana naona uchungu mkiichezea.

Ninyi mabinti, najua wengi mnasoma hapa ingawa barua si yenu. Mliofungwa kumi na moja siku ile, mlicheza mpaka filimbi ya mwisho. Nilimwona nahodha wenu anamwinua kipa baada ya goli la tisa, anamfuta majani mgongoni, anampa mpira apige tena. Nimeona mechi nyingi, sikumbuki kama nimewahi kuona kitu kama kile. Na wewe mfungaji wa hat-trick, hukukosea lolote, ulifanya kazi yako. Lakini ulipomaliza kupiga picha ulikwenda ukampa yule beki aliyeumia barafu yako. Mitandao haikuonyesha hilo. Mimi niliona.

Baada ya mechi nilimwita yule binti wa kandambili, nikampa namba yangu ya simu, na nauli ya bodaboda nikiomba radhi kwamba ni ndogo. Juzi akanipigia. Nilidhani ataniomba hela. Akaniuliza kama najua pale uwanjani kuna mtu aliokota soksi moja ya bluu, maana ile aliyoikunja kocha ilikuwa ya kwake ya shule.

Mzunguko wa pili wanarudi, ratiba imeshatoka. Nitakuwepo na soksi, na viatu jozi tatu: namba 37 mbili na 38 moja, vimenunuliwa na wanafunzi wangu wa zamani. Kipa wao anavaa 41, hatujapata. Mwenye 41 anitafute kabla ya Ijumaa. Na yule kiongozi wa shati la pasi, namkaribisha akae karibu nami, pale pale jirani na benchi la wageni.

Ni mimi mama yenu, mwalimu mstaafu.